Maoni Yana Mwenyewe: Kuisoma Riwaya Sambamba na Maisha ya Kila Siku

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mwanafunzi wa Kiswahili anavyoweza kutoa maoni juu ya riwaya aliyoisoma karibuni kwa kuisoma sambamba na maisha anayoyaishi kila siku. Yanadai kwamba maoni yenye uzito hayapatikani kwa kusema tu kuwa riwaya inaakisi jamii. Hupatikana msomaji anapoonyesha ni jambo gani maishani lililomfanya aone alichokiona, kisha akarejea kwenye matini na kukipima. Mifano imetolewa kutoka Kidagaa Kimemwozea, Rosa Mistika, Utengano, Chozi la Heri na Babu Alipofufuka. Mwishoni makala yanapendekeza hatua za kufuatwa, adabu ya vikao vya wasomaji na maswali ya kujadiliwa.

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika kumbi zetu za mihadhara. Hata hivyo, mtu akizipitia insha za wanafunzi kuhusu riwaya moja, huenda akadhani kwamba nywele zote zimenyolewa na kinyozi mmoja. Insha ya kwanza itasema kuwa mwandishi amefaulu kuakisi jamii yake. Ya pili itasema kuwa amefaulu pakubwa kuakisi jamii yake. Ya tatu itaongeza kuwa jamii hiyo ni ya Kiafrika baada ya uhuru. Yote hayo yaweza kuwa kweli, lakini hakuna hata moja ambalo ni la mwandishi wa insha.

Chanzo cha hali hii si uvivu peke yake. Wanafunzi wengi wa Kenya huijua riwaya ya Kiswahili kwanza kama kitabu cha kutahiniwa. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilitahiniwa katika KCSE kati ya 2013 na 2017, ikafuatwa na Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei kati ya 2018 na 2022, na kuanzia 2023 ikaingia Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Maswali ya mtihani huo aghalabu humtaka mtahiniwa athibitishe dai ambalo tayari limetolewa na mtahini. Anaambiwa kwamba anwani inaafiki, kwamba mhusika fulani ni dhalimu, kwamba elimu imemulikwa. Kazi yake ni kutafuta hoja za kutosha na kuzipanga. Hivyo kijana huhitimu kidato cha nne akiwa hodari wa kutetea maoni ya mtu mwingine, naye pengine hajawahi kuulizwa riwaya ile ilimgusa wapi na kwa nini. Isitoshe, miongozo iliyotapakaa madukani humpa majibu kabla hajaufungua ukurasa wa kwanza.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja kwa sababu wengi wetu tunasomea ualimu. Mwalimu asiye na maoni yake hawezi kumfundisha mwingine kuwa nayo. Atakachofanya ni kurithisha mwongozo alioachiwa. Mwanafunzi naye akishafunga mtihani hatakuwa na sababu ya kufungua riwaya nyingine, maana hakufundishwa kwamba riwaya ina lolote la kumwambia nje ya mtihani. Ikiwa tunataka riwaya ya Kiswahili isomwe na watu ambao hawatahiniwi, hatuna budi kuanza na sisi wenyewe.

Maoni ni nini?

Nomino maoni imetokana na kitenzi ona. Asili hii ina funzo. Mtu aonaye lazima awe amesimama mahali fulani. Aliye bondeni haoni anachokiona aliye kilimani, ijapokuwa wote wawili wanautazama mto uleule. Kwa mintarafu hii, maoni kamili yana sehemu tatu: kitu kilichoonwa, ambacho kwetu ni matini, mtu aliyekiona, ambaye ni msomaji, na mahali alipokuwa amesimama, yaani maisha yake.

Tukizingatia sehemu hizo tatu, tutaweza kuyatenga maoni na mambo mengine yanayofanana nayo. Muhtasari una sehemu ya kwanza tu: unaeleza yaliyotokea riwayani bila kuonyesha ni nani aliyeyaona. Soga nayo ina msomaji na maisha yake, lakini haina matini: mtu husema kwamba kitabu kile kilimkumbusha shangazi yake, kisha akaendelea na habari za shangazi hadi kikao kikavunjika. Hukumu tupu, kama vile kusema kuwa riwaya ni nzuri au inachosha, haina sehemu hata moja iliyokamilika. Uhakiki, neno lenye nasaba moja na haki na hakika, hudai ushahidi. Maoni si lazima yawe uhakiki uliokamilika, lakini yakikosa ushahidi hayawezi kamwe kuufikia.

Wafuasi wa nadharia ya uitikio wa msomaji wameyaeleza haya kwa istilahi zao. Mjerumani Hans Robert Jauss alizungumzia upeo wa matarajio, yaani jumla ya mazoea na matumaini ambayo msomaji huingia nayo katika kazi. Mwenzake Wolfgang Iser alisisitiza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza anaposoma. Tukiyaleta mawazo hayo kwetu, tunaweza kusema kwamba maisha ya kila siku ndiyo ghala ambamo msomaji huchota vitu vya kujazia mapengo hayo. Hata hivyo, si kila kinachochotwa ghalani kinalingana na pengo. Hapo ndipo kazi ya kupima inapoanza.

Tabia tatu zinazodhoofisha maoni

Kabla ya kuingia katika mifano, inafaa kutaja tabia tatu zinazojitokeza sana katika mijadala yetu.

Tabia ya kwanza ni kuifanya riwaya kuwa gazeti. Msomaji hutafuta ni waziri gani anayesemwa, ni wilaya gani inayofichwa, ni kashfa ya mwaka upi. Tabia hii husahau kwamba mwandishi angetaka kuandika habari angeziandika. Walibora aliibuni nchi ya Tomoko, naye Matei akabuni taifa lake. Nchi ya kubuni ni ishara kwa msomaji kwamba asilinganishe vitu kimojakimoja.

Tabia ya pili ni kuifanya riwaya kuwa mahubiri. Kila kisa hufungwa kwa funzo: vijana wajihadhari, wazazi wawe macho, viongozi wawe waadilifu. Mafunzo haya hayana ubaya, ila yalijulikana kabla riwaya haijaandikwa. Iwapo riwaya ya kurasa mia mbili inatuambia tu kwamba tuwe waadilifu, basi bango moja la barabarani lingetosha.

Tabia ya tatu ni kujificha nyuma ya nadharia. Mwanafunzi hutaja Umarx, Ufeministi au Udhanaishi katika aya ya kwanza, akawapanga wahusika chini ya istilahi hizo, na kumaliza bila kutuambia alichokiona. Nadharia ni miwani. Mtu havai miwani ili watu waitazame miwani yake, bali aone vizuri zaidi.

Mfano wa kwanza: zahanati na mtoto

Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya iliyochapishwa 2012, Amani ambaye ni mchungaji wa mifugo ya Mtemi Nasaba Bora anaachiwa mtoto mchanga mlangoni pake. Yeye na Imani wanamlea mtoto huyo, wanamwita Uhuru. Mtoto anapougua, wanamkimbiza zahanati, lakini wauguzi hawamhudumii na anaaga dunia. Badala ya kupewa pole, Amani na Imani wanatiwa mbaroni.

Mwanafunzi aliyesoma kisa hiki katika mwaka wa 2017 alikisoma katika nchi iliyokuwa imepitia mgomo wa madaktari wa hospitali za umma, ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100, kisha ukafuatwa na mgomo mrefu wa wauguzi. Huenda yeye mwenyewe aliona mgonjwa akirudishwa nyumbani kwa pikipiki, au lango la hospitali likiwa limefungwa kwa kufuli. Kwake, kifo cha Uhuru kilikuwa habari ya jana. Maoni yake ya kwanza bila shaka yalikuwa hasira dhidi ya wauguzi.

Hasira hiyo ni halali na ndiyo mlango wa kuingilia. Kosa ni kubaki mlangoni. Msomaji akirudi kwenye matini atakumbuka mambo mawili. Kwanza, riwaya hii ilitoka takribani miaka mitano kabla ya migomo hiyo kwisha. Kwa hivyo haiwezi kuwa inaieleza. Pili, na hili ndilo zito zaidi, baadaye inabainika kwamba baba wa mtoto yule ni Mtemi mwenyewe, mtawala wa Sokomoko ambako zahanati hiyo imo. Mtoto amefia katika himaya ya baba aliyemkana. Muuguzi aliyekataa kumgusa ni kiungo kimoja tu cha mnyororo unaoanzia katika nyumba kubwa.

Mwongozo utamwambia mwanafunzi kwamba Uhuru anawakilisha uhuru wa mataifa ya Kiafrika uliokufa ukiwa mchanga. Maelezo hayo ni sawa, lakini hayana mwenyewe. Msomaji aliyepitia njia ya lango lililofungwa anaweza kusema jambo la ziada: kwamba tunapokosa huduma, macho yetu huishia kwa mtu aliye dirishani kwa sababu ndiye tunayemwona, ilhali riwaya inatulazimisha kuuliza nani aliye nyuma ya dirisha. Akisharudi mjini na kupanga foleni katika ofisi yoyote, swali hilo atakwenda nalo. Hapa maisha yameifungua riwaya, nayo riwaya imeyarekebisha maisha.

Mfano wa pili: baba na bintiye

Riwaya mbili zilizotungwa katika sehemu mbalimbali za Tanzania zinafaa kusomwa pamoja. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa 1971, inaanzia katika kisiwa cha Ukerewe kwenye Ziwa Victoria. Zakaria, baba mlevi, anamchunga bintiye Rosa kwa ukali na kumpiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anapotoka nyumbani kwenda masomoni, uhuru unamlemea na maisha yake yanaishia pabaya. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, ilichapishwa 1980. Maksuudi, mtu wa mali na mwenye tamaa ya cheo, anamfungia bintiye Maimuna ndani, hana shule wala wenzake. Maimuna anatoroka, anaangukia katika ulimwengu wa vilabu vya pombe ambao hakuna aliyemwandaa kukabiliana nao.

Tuchukue wasomaji wawili wa Utengano. Wa kwanza amelelewa katika ploti ya mjini, yaani nyumba za kupanga zinazotazamana. Amezoea kuona binti wa jirani akirejea usiku na pazia zikifunuliwa kidogo katika kila dirisha. Msomaji huyu humaliza riwaya akisema kwamba Maimuna alipotoka. Wa pili ana dada aliyeachishwa shule kwa hofu kwamba mji ungemharibu. Yeye humaliza akisema kwamba Maimuna alipotoshwa. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni ndogo kimofolojia, maana ni kauli tu iliyobadilika, lakini kimaana ni kubwa. Katika kauli ya kwanza Maimuna ndiye mtenda. Katika ya pili kuna mtenda mwingine ambaye hakutajwa.

Nani kati yao ameona vyema? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kulinganisha maisha yao, kwa sababu kila mmoja ameishi alivyoishi. Litajibiwa na matini. Tukirudi humo tunaona kwamba msimulizi anatuonyesha Maksuudi akiwafungia wanawake wa nyumbani kwake ilhali yeye mwenyewe hutoka kwenda kwa Bi Kazija. Anachokihofia kwa binti ndicho anachokitenda yeye. Zakaria naye hawezi kuitawala chupa, lakini anataka kuitawala barua ya bintiye. Riwaya zote mbili zimeweka udhaifu wa baba karibu sana na ukali wake, na ukaribu huo si wa bahati. Msomaji wa pili ana ushahidi zaidi. Hata hivyo, yule wa kwanza naye ametusaidia: bila pazia zake tusingetambua kwamba hukumu dhidi ya Maimuna hutolewa na sisi tunaochungulia.

Ikumbukwe pia kwamba Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa muda baada ya kuchapishwa. Waliofanya hivyo walikuwa wasomaji nao, na walikuwa na maoni. Walisoma wakiwafikiria mabinti waliokuwa chini ya ulinzi wao, wakaona hatari katika kitabu kilichosema waziwazi mambo ambayo watu wazima huyanong'ona. Inashangaza kwamba jibu lao lilikuwa kufunga mlango, ambalo ndilo jibu la Zakaria. Leo wahakiki huihesabu riwaya hiyo miongoni mwa nguzo za riwaya ya Kiswahili. Maandishi hayajabadilika, waliobadilika ni wasomaji na mahali waliposimama.

Mfano wa tatu: jirani

Chozi la Heri, iliyochapishwa 2014, inasimulia yanayowapata watu baada ya uchaguzi kuzua vita. Ridhaa, ambaye ni daktari, anapoteza jamaa zake walioteketezwa ndani ya nyumba, na Mzee Kedi, jirani yake wa miaka mingi, anahusika katika unyama huo. Hakuna msomaji wa Kenya anayeweza kuisoma sehemu hii bila kukumbuka yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao.

Neno kukumbuka lakini linahitaji uangalifu. Mhadhiri aliyekuwa mtu mzima wakati huo anakumbuka kwa macho yake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu hii leo alikuwa angali mtoto mchanga, au hajazaliwa. Alichonacho ni masimulizi ya wazazi, na pengine kimya chao. Watu hawa wawili wanapojadili riwaya hii katika chumba kimoja, hawasomi kitabu kimoja. Mmoja anauliza kama mambo yalikuwa hivyo kweli. Mwingine anauliza kwa nini hakuambiwa.

Kila swali lina thamani yake, na la kijana lisidharauliwe kwa sababu hakuwepo. Yeye ndiye aliye tayari zaidi kuona jambo ambalo aliyeshuhudia moto huenda akalipita haraka, yaani kwamba riwaya haiuanzishi uadui siku ya uchaguzi. Inaturudisha katika utoto wa Ridhaa, alipokuwa akibaguliwa shuleni kwa kuonwa kuwa mgeni katika eneo lile. Kilichounguza nyumba kilikuwa kimewashwa zamani, katika michezo ya watoto na utani wa watu wazima. Mwanafunzi anayeishi bwenini anaujua utani huo. Anajua ni nani huitwa kwa jina la kabila lake badala ya jina lake, na ni mzaha upi hufanya mtu mmoja acheke kidogo na kunyamaza. Anapoleta jambo hilo kwenye mjadala wa Chozi la Heri, hajatoka nje ya mada. Ameipeleka riwaya mahali ambapo bado kuna jambo la kutendwa.

Je, riwaya zisizofuata uhalisia?

Huenda msomaji akauliza kama njia hii inafaa kwa riwaya ambazo hazifuati uhalisia. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa 2001, mtu mwenye cheo aitwaye K anajiwa na babu yake aliyekwisha kufariki, naye analazimika kuyatazama maisha aliyokuwa ameyapa kisogo. Katika Nagona ya Kezilahabi na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila pia tunakutana na safari ambazo haziwezi kuchorwa kwenye ramani.

Jibu ni kwamba njia inafaa, mradi tubadilishe swali. Hatuulizi ni wapi tumeona wafu wakifufuka. Tunauliza ni wapi tumewahi kuhisi vile K anavyohisi. Kijana aliyepata kazi nzuri jijini, ambaye huona namba ya simu ya kijijini na kusita kuipokea, hahitaji maelezo marefu kuhusu babu anayerudi kudai hesabu. Riwaya imelipa umbo jambo ambalo katika maisha yake halikuwa na umbo. Uhalisia hutuonyesha tunachokiona kila siku. Riwaya hizi hutuonyesha tunachokikwepa kila siku. Zote mbili zinahusu siku zilezile.

Hatua za kutoa maoni

Kutokana na mifano hii, tunaweza kupendekeza hatua tano ambazo mwanafunzi anaweza kuzifuata anapojiandaa kuzungumza au kuandika kuhusu riwaya aliyoisoma.

1. Soma riwaya yote kwanza, bila mwongozo. Weka alama mahali uliposimama kwa hasira, kicheko, aibu au mkanganyiko. Usijiulize bado kama mahali hapo ni muhimu.

2. Chagua alama moja tu. Jiulize ni jambo gani katika maisha yako lililokusimamisha hapo. Liandike kwa sentensi mbili au tatu, bila kulipamba.

3. Rudi kwenye matini. Tafuta mahali pengine pawili au patatu ambapo suala hilohilo linajitokeza. Angalia nani anasimulia, nani ananyamazishwa, na ni nini kimewekwa karibu na nini.

4. Tafuta kinachokupinga. Iwapo umemhukumu mhusika, tafuta ukurasa unaomtetea. Iwapo umemtetea, tafuta unaomlaumu. Hatua hii ndiyo inayotenganisha maoni na ushabiki.

5. Sema maoni yako upya. Yakiwa yamebaki vilevile kama yalivyokuwa katika hatua ya pili, basi ama umeona sawa tangu mwanzo, au hukusoma kwa makini katika hatua ya tatu na ya nne. Mara nyingi yatakuwa yamebadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linalowafaa wenzako kulisikia.

Hatua hizi hazihitaji nakala ya kila mtu. Ni jambo la kawaida katika vyuo vyetu nakala moja kuzunguka vyumba vitano. Penseli ya kila msomaji ikiacha alama yake pembezoni kwa idhini ya mwenye kitabu, wa tano atapokea riwaya pamoja na maoni ya wanne waliomtangulia.

Adabu ya kikao cha wasomaji

Maoni yanayogusa maisha huhitaji adabu, kwa maana maisha ni ya watu. Vyama vyetu vya Kiswahili vikianzisha vikao vya kila juma vya wasomaji, makala haya yanapendekeza kanuni tatu.

Kwanza, kila mtu aseme kuhusu maisha yake, si ya jirani yake. Anayesimulia kisa cha mwenziwe ili kupata mfano wa Maimuna amemgeuza mwenziwe kuwa mhusika bila ruhusa. Pili, asilazimishwe mtu kushuhudia. Katika mjadala wa Chozi la Heri, kwa mfano, huenda mle chumbani yumo mtu ambaye jamaa zake waliathirika. Kimya chake ni maoni pia, na kiheshimiwe. Tatu, mjadala ukishika moto, kila mtu arudi kwenye ukurasa. Kurudi huko kuna faida mbili: kunaupa mjadala ushahidi, na kunawapa wanaobishana kitu cha kutazama badala ya kutazamana.

Wahadhiri wetu nao wana nafasi kubwa. Swali moja katika kila kazi ya muhula, linalomtaka mwanafunzi aeleze pale alipotofautiana na mhakiki fulani na kwa ushahidi gani, lingefanya kazi kubwa kuliko mawaidha mengi dhidi ya miongozo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba riwaya na maisha ya kila siku havitengani wala havifanani kama kitu na kivuli chake. Maisha humpa msomaji mahali pa kusimama. Matini humwonyesha kwamba mahali hapo si pekee. Yule aliyeanza na hasira kwa muuguzi alifika kwa Mtemi. Aliyeanza na pazia za ploti alifika kwenye kosa la baba. Aliyeanza na kimya cha wazazi alifika kwenye mzaha wa bwenini. Hakuna mwongozo ambao ungewafikisha huko, kwa sababu hakuna mwongozo unaojua walikotoka. Ni jukumu letu, kama wanafunzi wa leo na walimu wa kesho, kuhakikisha kwamba atakayeketi mbele yetu darasani anaulizwa, angalau mara moja, ameona nini.

Maswali ya kujadiliwa

1. Chagua riwaya moja ya Kiswahili uliyoisoma katika mwaka huu. Eleza mahali pamoja uliposimama, sababu ya kusimama, na jinsi matini yalivyobadilisha au kuthibitisha ulichokiona.

2. Linganisha Zakaria na Maksuudi kama wazazi. Je, kuna ushahidi wowote katika riwaya hizo unaowatetea?

3. Kwa nini waandishi wengi wa riwaya ya Kiswahili hubuni majina ya nchi na miji? Msomaji hupata nini na hupoteza nini kwa uamuzi huo?

4. "Msomaji ambaye hakushuhudia tukio hawezi kuihakiki riwaya inayolihusu." Kubali au pinga kauli hii kwa kurejelea Chozi la Heri.